Gereji imeweka giaboksi ya gia tano kwenye Datsun 1600 ya marehemu baba bila kupima chochote, na giaboksi ya asili imetoweka

Ndugu zangu wapenzi wa magari ya zamani, nimekaa na jambo hili wiki tatu nikitumaini kwamba gereji husika ingenipigia simu, na kwa kuwa haijapiga, nimeamua kulileta hapa. Sitaitaja gereji hiyo kwa jina, kwa sababu madai yangu bado yapo mezani kwao. Kazi waliyoifanya, hata hivyo, nitaieleza yote, boliti kwa boliti.

Gari ni Datsun 1600, modeli ya 510, ambalo baba alilinunua likiwa jipya mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya Edgar Herrmann na Hans Schüller kushinda Safari Rally wakiwa na 1600 SSS, toleo la kasi la gari hili. Baba hakuwa mtu wa mashindano. Alikuwa mkaguzi wa shule, na gari hilo lilimfikisha Iringa, Mbeya na Songea enzi ambazo sehemu kubwa ya safari ilikuwa vumbi na mawe. Injini yake ni ile ile L16, ya silinda nne na sentimita za ujazo 1,595, na mpaka mwezi wa pili mwaka huu giaboksi yake ilikuwa ile ile F4W63 ya gia nne iliyotoka nayo kiwandani.

Sababu ya kutaka gia ya tano ni safari ndefu. Gia ya nne ya gari hili ni moja kwa moja, yaani propela inazunguka sawa na injini, na kwa difu ya 3.9 (propela inazunguka mara 3.9 kwa kila mzunguko wa gurudumu) na matairi ya inchi 13, ukienda kilomita 100 kwa saa injini inazunguka zaidi kidogo ya mara 3,500 kwa dakika. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro unafika masikio yanavuma. Nikapata kwa mtu aliyekuwa akivunja Fairlady Z, gari la michezo la Nissan, wale wale waliotengeneza Datsun, giaboksi ya gia tano ya familia iitwayo 71B, ambayo uwiano wa gia yake ya tano ni 0.745, na kwa hesabu mwendo ule ule ungeshusha mizunguko hadi takriban 2,650. Nilijua kwamba gia ya kwanza ya giaboksi hiyo ni 3.06 badala ya 3.38 ya zamani, kwa hiyo gari lingekuwa zito kidogo kuondoka mlimani, na hasara hiyo niliikubali mwenyewe kwa hiari yangu. Sikuwa naomba muujiza. Watu wamekuwa wakifanya badiliko hili kwenye 510 kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, na mitego yake inajulikana.

Tulikubaliana shilingi 1,800,000 kwa kazi yote, na nikasisitiza mbele ya mashahidi wawili kwamba bodi ya gari isikatwe kabla sijaitwa, na kwamba giaboksi ya zamani irudi kwangu pamoja na maunti yake (kishikio chake cha chini) na propela yake, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, kwa sababu siku moja mwanangu anaweza kutaka gari la babu yake lirudi lilivyokuwa. Fundi mkuu akanijibu, "Mzee, usiwe na wasiwasi, gari ni gari." Niliahidiwa siku tano, zikawa wiki saba.

Nadhani kilichowadanganya ni urahisi wa upande wa mbele. Injini za L za silinda nne na zile za silinda sita zina mashimo ya boliti yanayolingana, na disiki ya klachi ya L16 inaingia kwenye shafti ya giaboksi ile bila ubishi, kwa hiyo giaboksi ilipokaa kwenye injini kwa boliti zake zote, walijiona wamemaliza. Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Nissan walitengeneza kola ya beringi ya klachi, ile pete inayobeba beringi inayosukuma klachi iachie, katika vimo tofauti, na kanuni ambayo kila mtu aliyewahi kugusa magari haya anapaswa kuijua ni kwamba kola hufuata presha pleti, ile sahani inayobana disiki ya klachi, haifuati giaboksi. Presha pleti yangu ni ya L16, ya milimita 200. Kola waliyoiacha ndani ni ile iliyokuja na giaboksi ya Fairlady. Kipimo chake kinajulikana: milimita 92 kutoka uso wa flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, hadi mgongo wa kola, pale unapoegemea uma wa klachi unaoisukuma. Nilipoishusha giaboksi kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Keko anayefanya kazi akiwa na rula ya chuma mfukoni, tulikuta kipimo hicho kimepungua milimita 9 nzima.

Kola ikiwa fupi, unakanyaga pedali hadi sakafuni na klachi haiachii. Fundi aliyepima angegundua hilo kabla ya kufunga boliti ya kwanza. Hawa waligundua baada ya kufunga zote, na badala ya kushusha giaboksi, waliirefusha ile fimbo ya silinda ndogo ya klachi, inayosukuma uma, kwa kuichomelea kichwa cha boliti ya milimita 10. Ninacho kipande hicho mkononi ninapoandika. Kichwa cha boliti kimekaa upande, kovu la kuchomelea limejaa vitundu kama sponji, na namba ya ugumu wa boliti bado inasomeka. Kwa kuwa kimekaa upande, kila nilipokanyaga kilikuwa kinasukuma uma kwa pembe, na sasa uma una alama ya kuliwa ambayo ukipitisha ukucha unaisikia.

Nililiendesha gari hilo kilomita 340 kabla sijalisimamisha. Ubaya wa klachi isiyoachia vizuri ni kwamba mzigo wote wa kulinganisha mwendo wa gia unabebwa na sinkro, zile pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia, na sinkro za giaboksi hii ni za shaba. Kana kwamba hiyo haitoshi, waliijaza oili ya difu, ile ya daraja la GL-5, wakati giaboksi za namna hii zinataka GL-4, kwa sababu dawa zinazotiwa kwenye oili ya difu hazielewani na shaba. Tulipoimwaga, ilitoka na chembe za rangi ya dhahabu zinazometa kwenye beseni. Giaboksi niliyoinunua ikiwa gia zote zinaingia kwa kidole kimoja sasa inalia kila unapoingiza gia ya pili.

Propela nayo inanitia uchungu wa peke yake. Giaboksi ya gia tano ni ndefu kuliko ile ya zamani, kwa hiyo propela lazima ifupishwe, ichomelewe ikiwa kwenye mashine ya kukereza, kisha ipelekwe kusawazishwa. Yangu ilikatwa kwa grenda na kuchomelewa sakafuni. Nilichora mstari wa chaki kutoka uma wa krosi ya mbele (kiungo kinachoruhusu propela ipinde) hadi uma wa krosi ya nyuma, na mstari haukufika ulikotakiwa: nyuma umekengeuka kwa upana wa kidole gumba. Uma hizo mbili lazima zitazamane, la sivyo kila mzunguko unakuwa mtikisiko. Kuanzia kilomita 70 kwa saa, kioo cha kati kilikuwa hakionyeshi kitu isipokuwa ukungu. Badala ya krosimemba, ile boriti ya kubebea giaboksi, iliyotengenezwa kwa vipimo, mkia wa giaboksi umeegeshwa juu ya vipande viwili vya chuma cha pembe vilivyochomelewa kwenye maunti ya zamani, na mkia umeshuka kiasi kwamba hata propela iliyonyooka ingetembea kwa pembe mbaya. Hata sindano ya spidi inasema uongo, maana hawakubadilisha kigia kinachoiendesha, kilicho kwenye giaboksi, kilingane na difu yangu.

Sasa nifike kwenye mambo mawili ambayo fedha haiwezi kuyarudisha. Fito ya gia, ile unayoishika kubadilisha gia, ilitokea nyuma ya tundu la asili la sakafuni kwa upana wa vidole vinne. Lipo suluhisho la heshima: fito hupindwa na kuletwa mbele, au mtu hutafuta mkia mfupi wa familia hiyo hiyo ya giaboksi. Wao walichukua grenda wakakata sakafu ya mwaka 1971 ambayo haikuwa na kutu hata moja, bila kuniita kama tulivyokubaliana, kisha wakaziba pengo kwa bati la mabomba, ribiti kumi na moja na silikoni nyeusi. Chini ya zulia, pembeni mwa tundu hilo, baba alikuwa ameandika kwa kalamu ya rangi tarehe aliyobadilisha krosi mara ya kwanza. Maandishi hayo yalikuwa kwenye kipande kilichokatwa.

Nilipouliza giaboksi ya zamani iko wapi, nilijibiwa, "Ile chuma chakavu? Vijana waliiuza kwa kilo." Hapo nilikosa maneno, na nakiri kwamba niliondoka bila kuaga. Giaboksi iliyofanya kazi miaka hamsini na zaidi bila kufunguliwa zaidi ya mara moja, ambayo nilitamka mbele ya watu kwamba ni mali yangu na inarudi nyumbani, imeuzwa kwa uzito wake wa alumini.

Nimewaandikia barua nikidai warudishe ada ya ufundi, walipie propela mpya iliyosawazishwa na seti ya sinkro, na wanieleze kwa maandishi giaboksi ya asili aliuziwa nani. Madai hayo sitayapunguza. Kuhusu sakafu, mzee wa Keko ameniambia anaweza kukunja bati la unene ule ule na kuliunga kwa mkono, nami nitalipia mwenyewe, kwa sababu sitaki watu wale waliguse tena gari hilo.

Kwenu nina ombi moja. Wale mnaopita kwenye maduka ya chuma Gerezani, Ilala au Temeke, jijini Dar es Salaam, naomba macho yenu. Giaboksi ni ya gia nne, bodi ya alumini, na sikio la chini upande wa kushoto, linalofungwa kwenye injini, liliwahi kupasuka na kuchomelewa mwaka 1983, kwa hiyo lina mstari mnene uliopigwa tupa ukalainika. Kwenye kifuniko cha chini kuna boliti moja ya shaba kati ya zile za chuma. Ukiiona, tafadhali usibishane bei na mwenye duka. Mlipe anachotaka, piga picha ya boliti hiyo, uniandikie hapa, nami nitakuja siku hiyo hiyo nikurudishie fedha yako.