Naomba ushauri: tuliambiwa babu alifia Burma, jina lake nimelikuta Nairobi

Mjukuu wa Sikonge
Wakuu, salaam. Nina jambo linaninyima usingizi na kwetu hakuna tena wa kumuuliza.

Bibi yangu mzaa mama ana miaka 84. Baba yake alichukuliwa jeshini wakati wa vita vya Hitler, bibi akiwa bado ananyonya, na hakurudi. Karani wa boma alimwambia mkewe kwamba amefia Burma (Myanmar ya leo), nasi tumekua na habari hiyo. Ombi la bibi miaka yote ni moja: akitokea mtu wa kwenda huko, amletee udongo wa kaburi tuuzike hapa nyumbani.

Mwezi uliopita nilitafuta kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Burma hayupo. Nilipoacha kuchagua nchi, likatokea jina lake na la baba yake: Mnara wa Afrika Mashariki, makaburi ya vita ya Nairobi, kikosi cha mizinga, amefariki 12 Februari 1944. Nairobi alifuata nini? Au huyu ni mwingine wa jina hilohilo?

Karani Mstaafu
Pole, mjukuu. Usikate tiketi ya Nairobi kwanza, tazama tarehe. 12 Februari 1944 ndiyo siku ilipozamishwa meli ya Khedive Ismail. Ilikuwa imetoka Mombasa siku chache kabla, katika msafara wa meli za askari kuelekea Colombo. Karibu na Maldives nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga topido mbili, na haikumaliza hata dakika mbili juu ya maji. Walikufa watu 1,297, wakiwemo wauguzi wanawake. Kikosi kikubwa ndani yake kilikuwa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki.

Mnara ule wa Nairobi hauna maiti chini yake. Umeandikwa majina ya wasio na kaburi, na wa meli hiyo wamo. Angefia Burma bila kaburi, jina lingekuwa kwenye mnara wa Rangoon, kule Taukkyan. Tena Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia vitani Burma katikati ya mwaka 1944. Februari ilikuwa bado Ceylon (Sri Lanka ya leo). Rudi kwenye ukurasa ule uangalie namba ya rejimenti.

Binti Pangani
Na karani wa boma msimhesabu mwongo. Kwetu kila aliyepanda meli Mombasa kuelekea mashariki alisemwa kaenda Burma, hata kama hakufika.

Ila hakikisha ni yeye. Askari wengi waliandikwa jina lao na la baba tu, na herufi alizichagua mwandishi kwa sikio lake. Kuna picha au karatasi yoyote nyumbani?

Mjukuu wa Sikonge
Ni 301. Mikono inanitetemeka ninapoandika. Picha ipo moja, amevaa sare, na nyuma pana herufi za penseli: E.A.A. Sote tulidhani ni jina la mpiga picha, kumbe ni East African Artillery, kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Sasa bibi nimwambie nini? Amengoja udongo maisha yake yote, na udongo haupo.

Mtu wa Reli
Mwache na Burma yake. Umri huo unamzindua ili iweje?

Binti Pangani
Hapana, kaka. Ni baba yake. Mwenye haki ya habari hii ni yeye kabla yetu sisi tunaoijadili hapa.

Abu Swaumu
Mwambie, na umwambie pamoja na hili: katika hadithi za Mtume, aliyekufa kwa kuzama amehesabiwa miongoni mwa mashahidi. Someni khitma. Dua haihitaji kaburi.

Karani Mstaafu
Jambo moja ulijue wewe kabla hujalisoma kwingine. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakiogelea, na manowari za Kiingereza zilizosindikiza msafara zikatupa mabomu ya chini ya maji palepale. Baadaye ziliizamisha nyambizi hiyo. Waliookolewa ni mia mbili na kitu. Hilo bibi asipouliza, usilianze. Kwenye ukurasa wa jina lake utaweza kuchapa cheti cha kumbukumbu bila malipo. Kipige fremu umpe akishike.

Mjukuu wa Sikonge
Wakuu, nimemwambia jana baada ya alasiri, mama akiwepo. Alishika cheti muda mrefu, akapitisha kidole juu ya jina ingawa hajui kusoma. Kisha akaniuliza kama maji yale ni mamoja na ya Dar es Salaam. Nikamjibu ni bahari moja, Bahari ya Hindi, ila ni mbali sana.

Udongo hautaki tena. Anataka apelekwe pwani. Hajawahi kuiona bahari. Khitma tutasoma Ijumaa, kisha tutashuka na treni kutoka Tabora. Kama kuna mwenyeji wa Dar anayejua ufukwe mtulivu, ambapo mzee wa mkongojo anaweza kufika majini bila ngazi wala mawe, naomba anielekeze.