QGIS (programu ya ramani): duara la kulinda mizizi limefunika ramani nzima

chipukizi_5
Wakuu, msaada. Nina miti 64 kwenye eneo la ujenzi, nimeichukua kwa QField, programu ya ramani ya simu. Kila nukta ina safu ya "kipenyo" kwa sentimita. Nikichora bafa (duara la kulinda mizizi kuzunguka kila nukta) ya kipenyo × 12 ÷ 100, badala ya viduara napata doa moja kubwa. Fomula ina kasoro? Mhandisi anasubiri faili la mchoro, DXF.

mpima_ardhi
Fomula ni sahihi. Ndiyo ya BS 5837, kiwango cha Uingereza cha kulinda miti kwenye ujenzi: mara 12 ya kipenyo cha shina kwenye kimo cha mita 1.5, nusukipenyo kisizidi mita 15. Ila leya yako iko EPSG:4326, mfumo wa majiranukta unaohesabu kwa nyuzi (digrii), si mita. Mti wa sm 50 ulistahili mita 6, ukapewa nyuzi 6: kilomita 660 hivi!

Usibadili mfumo kwenye sifa za leya. Hapo unabadili lebo tu, namba zinabaki zilezile na nukta zinarukia kusikojulikana. Tumia zana inayoandika faili jipya kwa UTM (mfumo unaohesabu kwa mita) ya kanda yako, ndipo urudie bafa. DXF nayo itoke kwenye mfumo uleule wa mchoro wa mhandisi.

mzizi_mkuu
Na hicho "kipenyo" kilipimwa na nini? Futikamba ya kawaida inatoa mzingo (urefu wa kuzunguka shina), si kipenyo. Mzingo wa sm 157 ni kipenyo cha sm 50. Mti wenye mashina mawili hadi matano: kila kipenyo kizidishe kwa chenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. 20, 25 na 30 zinakupa karibu 44, si 75.

Pia GPS ya simu chini ya matawi hukosea mita 3 hadi 5, wakati mwingine zaidi. Kwa duara la mita 6 hiyo ni balaa. Miti iliyo karibu na msingi ipimie kwa futi toka kwenye bikoni (alama ya mpaka ya wapimaji). Uzio wa kuzunguka viduara usimame kabla kijiko (mashine ya kuchimba) hakijaingia. Mizizi mingi iko ndani ya sm 60 za juu, na udongo ukishashindiliwa haipati hewa. Maji ya kuoshea mashine ya zege yasimwagwe ndani ya uzio.

chipukizi_5
UTM imekubali, viduara vimetokea. Lakini mti namba 12 una 157 kwenye safu, na ninaweza kuukumbatia. Ni mizingo yote!

mpima_ardhi
Fungua safu mpya, gawa kwa 3.14. Ile ya zamani usiifute, ibadilishe jina tu.