Mrejesho: ile mashine ya kukatia nyasi iliyokuwa inawaka na kuzima

Wakuu nimerudi, niliuliza kuhusu mashine ya nyasi ya mzee hapa Moshi, ya petroli, imekaa kiangazi chote na mafuta ndani, ukivuta kamba inawaka kidogo inakata moto. Mliosema shida ni kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) mlipatia kabisa! Fundi wa pikipiki hapa mtaani kaifungua, petroli ya zamani ilikuwa imegeuka kama gundi na kile kitundu kidogo cha kupitisha mafuta kimeziba, kakisafisha kakipuliza na upepo, tukamwaga mafuta yote tukaweka mapya. Plagi tumebadilisha, oili ya injini tumeweka SAE 30 (hiyo ni namba ya uzito wa oili) mpaka alama ya kijiti cha kupimia, chujio la hewa limekung'utwa vumbi. Kisu ndo nilikuwa nakihofia, kabla hajakigusa kachomoa waya wa plagi kwanza, hilo jamani msipuuze maana mashine inaweza kuwaka mkono ukiwa chini, halafu kakinoa pande zote mbili sawa kwa sababu upande mmoja ukiwa mzito mashine inatetemeka. Sasa inawaka mvuto wa kwanza. Masika haya nyasi zinakua balaa, mzee kafurahi sana, asanteni mno.