MJADALA: Zimamoto liwe somo shule za msingi, ndiyo au hapana?

Baba_Wawili: Wakuu, binti yangu wa miaka 10 anaingia bweni Januari. Anakuelezea usanisinuru bila kukosea, lakini hajui kuwa 114 ni namba ya zimamoto. Tumezika watoto walioungua bwenini Shauritanga kule Rombo 1994, tukazika Idodi 2009, tukazika Kyerwa 2020. Nataka zimamoto na huduma ya kwanza viwe somo lenye kipindi na mtihani. Mnasemaje?

MwalimuMstaafu: Somo jingine tena? Watoto tayari wanabeba mabegi yanayowapinda mgongo. Halafu umfundishe kutambaa chini ya moshi, atambae vizuri, afike mlangoni akute kufuli! Matroni kalala nyumba ya pili, ufunguo uko chini ya mto wake. Kafundisheni matroni kwanza.

Nesi_Zamu: Nyie mnasubiri bweni liungue. Mimi kila wiki napokea mtoto aliyemwagikiwa uji au chai, kidonda kimepakwa dawa ya meno. Mtoto wa darasa la pili anaweza kufundishwa: maji safi ya baridi yatiririke juu ya jeraha dakika 20, usipake kitu, mwite mkubwa. Halihitaji hata kitabu.

Matroni11: Mwalimu, shikamoo, ila hilo la mto limeniuma. Mwaka wa 11 huu nalala na watoto wa watu. Wasichana 90 na kitu, mimi peke yangu. Kufuli sikulinunua mimi. Mlango ukiachwa wazi akaingia mwanaume, nani ataitwa ofisini? Wewe ulipokuwa mwalimu ulilala bwenini hata usiku mmoja?

MwalimuMstaafu: Nimelala, binti yangu, tena nikiwa mwalimu wa zamu. Na sikukutaja wewe.

Matroni11: Ulisema matroni. Mimi ni matroni.

Mkwale: Tulieni. Huku Kenya mwongozo wa usalama wa shule upo tangu 2008: mlango wa bweni futi 5, ufungukie nje, madirisha yasiwe na nondo, kitanda na kitanda mita 1.2. Uliandikwa baada ya mabweni kuungua shule ya Bombolulu, hapa kwetu Kwale, 1998, na ya Kyanguli kule Machakos, waliokufa hamsini na kitu.

Mmachakos: Kyanguli ni 67, ndugu. Machi 2001. Usiwapunguze. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo.

Mkwale: Samahani, 67. Na pamoja na mwongozo huo, bweni la shule ya Endarasha likaungua 2024, tukapoteza wavulana 21.

Kijana_Dodoma: Kyanguli si ilimwagwa petroli? Ukiwafundisha watoto moto unavyosambaa, unawapa silaha.

Mmachakos: Kwa hiyo wale 67 walistahili kutojua pa kutokea? Soma ulichoandika. Rudia kukisoma.

Fundi_Nondo: Mimi nachomelea. Dirisha la nondo lenye bawaba na komeo la ndani linawezekana, gharama inapanda kidogo tu. Mlango nao komeo liwe ndani: wa nje haingii, wa ndani anatoka kwa mkono, hakuna ufunguo. Miaka yote nimeombwa dirisha la hivyo mara mbili, mara zote ni nyumba za watu. Shule hazijawahi. Wanasema magodoro yataibiwa.

Matroni11: Fundi, umesema. Komeo la ndani nililiomba. Nikaambiwa wasichana watatoroka.

MwalimuMstaafu: Na kweli wanatoroka.

Matroni11: Anayetoroka namfuata kesho yake, namkuta yu hai.

Baba_Wawili: Niseme ukweli. Nilipopelekwa kuona bweni la binti yangu niliziona zile nondo nikafurahi, nikasema hapa mwanangu yuko salama. Mlango sikuuangalia kabisa unafungukia wapi. Jumamosi narudi. Nitaomba nioneshwe jinsi unavyofunguliwa usiku, taa zikiwa zimezimwa.

Matroni11: Baba, ukifika usimwulize mkuu wa shule peke yake. Mtafute na matroni wa bweni hilo. Muulize analala wapi na yuko na watoto wangapi.