Tupeane uzoefu: mzazi anapoutafuta ukweli wa ajali iliyomchukua mwanawe

Mama Mfiwa: Ndugu zangu, kijana wangu aligongwa na gari akivuka barabara, na maelezo yote niliyopewa ni kwamba aliingia barabarani ghafla. Simtakii dereva kifungo. Nataka kujua kama maneno hayo ni ya kweli, kwa sababu yameandikwa juu ya mtu asiyeweza tena kujieleza. Aliyewahi kufuatilia jambo kama hili, naomba atueleze alianzia wapi.

Baba Yao: Pole sana, mama. Binti yangu naye alibebeshwa lawama kwa kauli ya dereva peke yake, hadi nilipoomba kuiona ramani ya ajali ambayo mpelelezi aliichora siku ileile, ikiwa na vipimo vya alama za matairi. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne; ndiyo maana kwenye lami kavu gari lililokuwa na kilomita 50 kwa saa huburuza matairi kwa takriban mita 14, ilhali lenye kilomita 80 huburuza zaidi ya mita 35. Dereva alikuwa ametaja mwendo wa kilomita 50, na alama zilikaribia urefu wa zile za kilomita 80. Omba pia ripoti ya ukaguzi wa gari na ya uchunguzi wa mwili, kisha mtafute daktari akusomee hiyo ya pili, maana ubavu uliogongwa huonyesha mtoto alikuwa anatokea upande gani. Usiisome peke yako usiku.

Fundi Mstaafu: Niongeze kwamba magari yenye breki za ABS, yaani zinazozuia matairi yasigande yakaburuzika, huacha alama hafifu au hayaachi kabisa. Mengi ya magari hayo huhifadhi katika kompyuta ya mifuko ya hewa mwendo wa sekunde chache kabla ya kishindo, ingawa kumgonga mtembea kwa miguu wakati mwingine hakutoshi kuiamsha. Kamera za majengo ya jirani hurekodi juu ya picha za zamani, kwa hiyo ombi la kupewa picha hizo ndilo litangulie.

Mama wa Wanne: Mimi sikuupata ukweli wote, na waliokuwa wakiniambia niache kwa kuwa ni mapenzi ya Mungu walinichosha kuliko jalada lenyewe. Kilichonitia nguvu ni habari za Brigitte Chaudhry wa Uingereza, aliyempoteza mwanawe mwaka 1990 kwa dereva aliyepita taa nyekundu, akaanzisha shirika la RoadPeace mwaka 1992 kwa ajili ya familia kama zetu.

Mama Mfiwa: Ahsanteni. Je, ombi la ramani huandikwa na mzazi mwenyewe, au ni lazima lipitie kwa wakili?

Baba Yao: Taratibu hutofautiana, mama. Mimi niliandika mwenyewe, nikataja namba ya jalada, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Walipodai hawajawahi kuiona barua yangu, niliwaonyesha muhuri wao.