Tupeane uzoefu: siku ya kutoa gia na shafti iliyoharibika kwenye giaboksi ya trekta

Mkulima wa Dumila
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepita gereji moja ya barabarani nikakuta trekta ya Massey Ferguson, MF 240, imekatwa kati, injini kule, mgongo huku, na kijana anagonga ncha ya shafti kwa nyundo kubwa. Chuma kwa chuma, hakuna hata kipande cha shaba katikati. Roho imeniuma.

Yangu iliharibiwa vilevile. Gia ya pili ilikatika meno mawili, basi. Nilijua mapema kwa sababu ilikuwa inalia kwenye gia hiyo tu, nyingine zote kimya. Fundi niliyeletewa akafungua vizuri kabisa: mfuniko wa juu, fimbo za gia, uma zake. Ikabaki shafti ya chini, ikagoma. Badala ya kuangalia inashikwa na nini, akaanza kuipiga kutokea nyuma. Kumbe ilishikwa na klipu! Klipu nyembamba iliyojificha kwenye mfereji wake, imefunikwa na oili nzito yenye vumbi la chuma. Alipiga mpaka ukuta wa giaboksi ukapasuka pale beringi inapokaa. Nilikuwa natafuta gia moja, nikaanza kutafuta giaboksi nzima, na mvua za masika zimeshaanza.

Wenye matrekta, madereva, mafundi, mwageni hapa. Siku ya kutoa gia ilikukuta nini?

Mama Mpunga
Umenikumbusha machungu. Ufa wa giaboksi naujua. Pole sana kaka.

Fundi Spana 19
Mkulima, hilo la klipu ndilo linaloua giaboksi nyingi. Sheria yangu gerejini: shafti ikigoma, nyundo inawekwa chini na tochi inawashwa. Kuna kitu hujakifungua. Aidha klipu, aidha nati, aidha ile pini ya kuzuia shafti ya rivasi isizunguke. Kisha unatumia pula, kile kifaa cha kuvutia gia na beringi. Ukilazimika kugonga, gonga kwa shaba au mti mgumu, taratibu, tena mzunguko mzima wa beringi.

Watu wengi pia wanakata trekta bila kupiga kabari ekseli ya mbele. Injini imekaa juu ya pini moja tu pale mbele, kwa hiyo ukishaitenga na giaboksi inalala upande. Piga kabari za mti kulia na kushoto, kati ya ekseli na kile chuma kinachoibeba, ndipo ulegeze bolti ya kwanza. Jeki peke yake haitoshi, weka na magogo. Nimeona kijana amebanwa vidole hapo, na mpaka leo hashiki spana ndogo.

Kibaigwa Moja
Na zile gololi zinazoshika fimbo za gia jamani! Ukivuta fimbo ya gia bila kuziba tundu kwa kidole, gololi na springi yake vinaruka. Yetu ilitumbukia ndani ya giaboksi, tukaitafuta kwa sumaku ya spika ya redio.

Fundi Spana 19
Mkaipata?

Kibaigwa Moja
Tuliipata. Funga sumaku kwenye waya, inafanya kazi kuliko vidole.

Chuma Chakavu
Mnatisha watu bure. Meno mawili tu unapeleka kwa mchomeleaji mzuri pale Gerezani, Dar es Salaam, anajaza, mkereza anasawazisha, kazi imekwisha. Spea za siku hizi nazo feki, heri jino la kuchomelea.

Fundi Spana 19
Chuma Chakavu, hapo unapotosha watu. Gia ya trekta ni ngumu juu, ndani ni laini, imepikwa makusudi iwe hivyo. Ukiichomelea unaua ule ugumu. Jino jipya linaweza kushika ukivuta tela tupu, ila ukishusha jembe la diski tatu kwenye udongo mweusi linang'oka, na likidondoka linapita katikati ya gia nzima. Hapo unaharibu zote.

Chuma Chakavu
Mimi yangu ililima msimu mzima.

Fundi Spana 19
Udongo gani?

Chuma Chakavu
Udongo ni udongo mkuu.

Mzee wa Katesh
Udongo si udongo, kijana. Njoo huku Hanang tukuonyeshe.

Wacheni niwape langu. Miaka hiyo nilikuwa dereva wa Massey 165, tela limejaa vitunguu saumu kutoka Mbulu, tunashuka mlima Magara. Enzi ya barabara ya vumbi. Juu ya magunia wamekaa akina mama wawili na mtoto, wameomba lifti. Niko gia ndogo, injini inashikilia mzigo, mguu uko karibu na breki lakini sijaukanyaga.

Katikati ya mteremko nikasikia KAA! Gia liva ikanipiga mkononi. Na injini, badala ya kunguruma, ikashuka ikawa sailensa, kama trekta imesimama tu. Dereva yeyote aliyewahi kusikia injini inatulia huku trekta inazidi mwendo anajua ninachosema. Hakuna kinachokushika tena. Nikatia gia, inasaga tu. Nikakanyaga breki zote mbili, na kwa kuwa breki za Massey ziko nyuma kwenye ekseli, zilishika, lakini tela halikuwa na breki. Likaanza kunisukuma. Mgongo wa trekta unataka kwenda kushoto, kushoto ni korongo. Nikaachia breki kidogo ili inyooke, nikakamata tena, nikaachia, nikaelekeza pua kulia kwenye ukuta wa mlima. Tairi la mbele likapanda udongo, tela likajipinda, magunia yakamwagika barabarani.

Watu wote walishuka wazima. Mtoto alikuwa analilia kiatu chake.

Tulipofungua, shafti ya chini ilikuwa imekatika na kipande cha jino kimejibana kati ya gia mbili. Ule mkato ulikuwa nusu mweusi nusu unang'aa. Maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, oili imeshauingia, siku ile ulimalizikia tu.

Mama Mpunga
Shikamoo mzee. Mwili umenisisimka. Mungu mkubwa.

Kijana wa Usangu
Mzee na wale akina mama uliwahi kuonana nao tena??

Kibaigwa Moja
Mwendelezo mzee! Na vitunguu vilipona?

Tairi Kubwa
Samahani mzee wangu, madereva wengi wakishuka mlima wanatoa gia wabane mafuta. Isije ikawa ndiyo hiyo.

Mzee wa Katesh
Marahaba binti yangu. Tairi Kubwa, nimesema nilikuwa kwenye gia, na shafti iliyokatika ililetwa mezani kwa tajiri. Free, yaani kushuka mlima bila gia, niliikataza mpaka kwa vijana niliowafundisha. Vitunguu vilikusanywa vyote, watu wa Magara walitusaidia mpaka usiku. Mmoja wa wale akina mama bado ananunua mahindi kwangu.

Tairi Kubwa
Nimekuelewa mzee, sikukusudia kukuvunjia heshima.

Shamba la Kitale
Hapa kwetu Trans Nzoia tunalima Februari na Machi tukingoja mvua, kwa hivyo trekta ikilala wiki moja umepoteza wateja wote. Niongeze jambo ambalo sijaona likitajwa. Kwa hizi Massey za 135 na 240 oili ni moja: giaboksi, hidroliki na difu (gia za ekseli ya nyuma). Karibu lita 30. Na pampu ya hidroliki imekaa humo humo ndani, chini. Jino likisagika, ule unga wa chuma unaenda kwa pampu. Jirani alibadilisha gia na shafti vizuri, akarudisha oili ile ile akiichuja kwa kitambaa. Baada ya muda mfupi mikono ya nyuma ikakataa kuinua jembe. Osha yote na dizeli, toa chujio la pampu ulisafishe, weka oili mpya.

Mkulima wa Dumila
Hili ni kubwa sana, asante jirani. Fundi wangu naye alitaka kurudisha oili ya zamani.

Kijana wa Usangu
Beringi mpya ikikataa kuingia kwenye shafti mnafanyaje? Mimi niliambiwa nipashe kwa gesi.

Chuma Chakavu
Gesi dakika moja tu, inaingia yenyewe.

Fundi Spana 19
USIPASHE KWA GESI. Ukiona rangi ya bluu ujue umeshaiua. Chemsha beringi ndani ya oili, joto kama la maji yanayochemka, isiguse kitako cha sufuria.

Mama Mpunga
Fundi wetu aliomba friza yangu ya samaki, akalaza shafti humo usiku kucha. Asubuhi beringi ya moto ikateleza kama pete. Samaki ndio walinuka oili, nikamdai soda.

Fundi Spana 19
Huyo anajua kazi, mshike.

Kijana wa Usangu
Nina swali la mwisho. Naenda kununua gia ya MF 240, nawaambia nini dukani? Nikisema gia ya tatu wananiletea tatu tofauti.

Shamba la Kitale
Beba ile mbovu. Usiende na picha.

Fundi Spana 19
Beba mbovu na ile inayoshikana nayo. Hesabu meno ya zote mbili, soma namba iliyogongwa ubavuni, na uandike namba ya kibao cha trekta, maana ziko 240 za gia sita mbele na ziko za nane. Pale dukani zipandishe mpya kwenye shafti yako uone zinavyokaa. Na kabla hujaunganisha trekta, tia gia moja moja huku unazungusha shafti kwa mkono. Ikigoma hapo, usifunge.

Kijana wa Usangu
Shafti yenyewe imelika mifereji kidogo, inaweza kubaki?

Mzee wa Katesh
Ibadilishe.

Chuma Chakavu
Kidogo tu si mbaya.

Mzee wa Katesh
Ibadilishe mwanangu.