Wing Chun: mkishakaribiana uanze wewe au umsubiri?

mgeni_wa_ngumi: Wakuu naombeni mnifafanulie, mwalimu wetu wa Wing Chun (ile kung fu ya Kichina ya kupigana kwa karibu) anasisitiza mkishafika umbali wa mkono usisubiri, ingia wewe na ngumi mfululizo katikati ya kifua mpaka arudi nyuma. Sasa si sanaa ya kujihami hii?

kiwiko_chini: Mkuu umbali ule ngumi ikitoka huwahi kuiona, unapigwa ndo unajua. Ile kanuni ya zamani inasema akija mpokee, akiondoka msindikize, mkono ukiwa huru songa mbele, na hiyo songa mbele ndo roho ya mfumo mzima aliofundisha Ip Man kule Hong Kong.

chisao_daily: Ila kuanza sio kurusha ngumi hovyo jamani!! Mguu unaingia kwanza, kiganja kimoja kinaubana mkono wake wa mbele (pak sau hiyo), mwingine unapiga sekunde hiyohiyo. Ukianza ukiwa mbali umejianika tu.

mgeni_wa_ngumi: Na akiwa mrefu kunizidi?

chisao_daily: Ndo uingie haraka zaidi, ukibaki nje mikono yake inakufikia we humfikii. Ila iwe ameshakutishia na pa kutokea hakuna, usivamie watu.